Posta Hakanyagi Lami

Mahali ambapo njia ya udongo ilikutana na lami, Posta alishuka kwenye baiskeli, akaitazama barabara kulia na kushoto kama mtu anayemtazama mbwa asiyemjua, akaivuka mbiombio huku akiikokota baiskeli, kisha akapanda tena upande wa pili. Hakuwahi kuendesha juu ya lami hata hatua kumi. Ukimuuliza sababu, jibu lake lilikuwa hilo hilo miaka yote: "Hiyo ni ya watu wa haraka. Mimi niko na baiskeli."

Watu wa Nyamira walimcheka, na mimi nilikuwa mstari wa mbele. Nina duka la kushona sare za shule pale mjini, na baraza yangu inatazama barabara, kwa hiyo nilimwona akivuka karibu kila siku. Kazi ya kupeleka barua alikuwa amestaafu zamani, lakini jina la Posta lilimganda, hata mkewe alimwita hivyo. Suruali yake aliifunga chini kwa kamba ya mgomba isije ikaliwa na mnyororo, na kofia yake ya kazi aliivaa mpaka ikapoteza rangi na umbo. Siku hizi magoti yamemkatalia na baiskeli iko kwa binti yake aliyeolewa huko Ikonge, imeegemezwa ukutani. Namkumbuka alivyokuwa kabla ya hapo.

Alichokitaka kilikuwa kitu kimoja. Alitaka njia isiyokatika, kuanzia nyuma ya mji wa Nyamira mpaka Gesima, ambayo mtu angeweza kuiendesha baiskeli kutwa nzima asikutane na gari wala bodaboda. Njia ya namna hiyo ya kwenda Ikonge aliimaliza mapema. Ile ya Gesima ilibakisha kipande kimoja tu, kifupi, cha hatua thelathini hivi. Kipande hicho kilikuwa kwenye shamba langu, na mimi nilikuwa nimekipanda chai.

Wazo lenyewe hakulitoa tumboni mwake. Miaka kadhaa iliyopita alimkuta mwanamke Mfaransa ameketi kando ya barabara, goti linavuja damu, baiskeli yenye mizigo pande zote imelala mtaroni. Lori lilikuwa limempita karibu mno likamsukumia huko. Posta alisema mwanamke yule alikuwa analia kwa hasira, si kwa maumivu, na hilo lilimfanya ampende papo hapo. Akamwambia kwa Kiingereza chake cha ofisini kwamba barabara hii ina wenyewe, amfuate. Akampitisha kwenye vijia vya katikati ya chai mpaka Gesima. Safari ilichukua siku nzima kwa sababu kila boma walisimama. Kwa mmoja walipewa ndizi za kuchemsha, kwa mwingine maziwa, na kwa wa tatu bibi mmoja alimshika mgeni mkono akamuuliza kwa Ekegusii, lugha yetu, mume wake amembakisha wapi.

Jioni, mwanamke yule alimwelezea kwao. Huko mashambani Ufaransa, alisema, kuna reli za zamani ambazo treni zake zilikufa. Wakang'oa vyuma, wakasawazisha, na sasa baiskeli ndizo zinapita. Kuna pia mifereji mikubwa ya maji iliyochimbwa kwa ajili ya mashua, na pembeni mwake ile njia ya farasi waliozivuta mashua hizo bado ipo, ina miti huku na huku. Watu wazima, wazee, mama na watoto wadogo, wanatoka mji hadi mji siku tatu, siku nne, bila kusikia honi. Kila njia panda ina kibao kidogo kinachokuambia kijiji kinachofuata ni kipi.

"Nikamuuliza shamba ni ya nani," Posta alinisimulia. "Akasema ni ya serikali. Nikamuuliza, na majirani wanasema nini? Akasema majirani wanafurahi."

Hapo ndipo alipotikisa kichwa kila mara aliposimulia. Treni kufa aliweza kuamini. Majirani kufurahia njia ya watu kupita mpakani mwao, hilo lilimshinda.

Mfaransa alipofika kwao alimtumia picha: njia nyembamba ya nyasi, maji upande mmoja, miti imeinama juu yake. Posta aliitia kwenye karatasi ya nailoni akaiweka mfuko wa shati. Aliitoa dukani kwangu nikimpima mteja, aliitoa kwenye matanga, aliitoa kwa chifu. "Wenzetu wametumia reli iliyokufa," alisema. "Sisi hatuna reli iliyokufa. Tuko na ndugu wazima." Watu walicheka, naye hakucheka, kwa sababu alikuwa anaeleza kazi iliyokuwa mbele yake.

Na ilikuwa kazi kweli. Posta hakutaka kuchonga barabara mpya. Vijia alivijua vyote tangu enzi za barua: vya wachumaji wanaopeleka majani kituoni, vya kwenda kisimani, vya nyuma ya migomba ambako watoto wanakatizia kwenda shule. Alitaka kuviunganisha tu. Shida ni kwamba kwetu vijia vinaliwa. Mzee ana wana wanne, akiwagawia shamba kila mmoja anapata ukanda wake, na kila mmoja anaongeza mstari mmoja wa chai ukingoni, mmoja tu, hata haonekani. Baada ya miaka michache njia iliyopitisha ng'ombe haipitishi mbuzi. Posta alikwenda boma kwa boma akiomba upana wa usukani wa baiskeli yake, si zaidi. Alikaa kwenye vigoda vya watu, akasikiliza kesi za mipaka ambazo hazikumhusu, akanywa chai mpaka ikamtoka masikioni. Wengi walimpa. Walichoka kumwona.

Alikuwa na sheria moja isiyojadiliwa. Uwanja wa mtu haupitwi juu ya baiskeli. Unashuka kabla ya kufika, unakokota, unasalimia, unauliza hali ya mgonjwa kama kuna mgonjwa na ya ng'ombe kama kuna ng'ombe, unaaga, unapanda tena ukishalipita boma. Sisi tulioishi hapa tuliona ni adabu ya kawaida. Wageni ndio walioteseka.

Nakumbuka vijana wawili kutoka Nairobi, wamevaa zile nguo za kubana za waendesha baiskeli na saa zinazohesabu mapigo ya moyo. Walikuwa wamesikia kuna mzee Nyamira anayejua njia zisizo na magari. Walitaka wafike Gesima kabla ya saa sita. Kufikia boma la tano mmoja alishindwa kuvumilia kusimama kila mara.

"Buda, hizi stop ni mob. Hatuwezi pita tu?"

"Umekuja kuona hiyo saa yako ama umekuja kuona Gesima?"

"Gesima, lakini..."

"Basi salimia huyu mama."

Walifika Gesima saa kumi jioni. Yule aliyelalamika alikuwa amebeba mkungu mdogo wa ndizi mgongoni, na mwaka uliofuata alirudi na mchumba wake, akaanza yeye kushuka kabla Posta hajasema.

Msinielewe vibaya, hakuwa malaika. Mtu huyu aliyehubiri mwendo wa taratibu, akipata mteremko alikuwa mwendawazimu. Aliachia breki, akainua miguu, na ukisikia kengele mfululizo kwenye mteremko ulijua ni kuku na watoto kuondoka njiani. Aliwahi kuingia na baiskeli kwenye pipa la maji ya mvua la mwalimu mkuu, akatoka amelowa, akamsalimia mwalimu mkuu, akauliza hali ya ng'ombe.

Jingine: miaka yote ile hakujua kuziba pancha. Nilidhani ni utani mpaka siku alipokwama mbele ya duka langu. Aliligeuza gurudumu, akalitazama, akaligeuza tena, kisha akaibeba baiskeli nzima begani kwenda kwa fundi. Nilimuuliza itakuwaje akipasukiwa katikati ya chai na wageni. "Mgeni atakuwa anajua," alisema. "Hawa watu wa baiskeli wanapenda sana kufungua vitu." Na ni kweli, wageni walimzibia pancha zake zote, wakaona ni heshima.

Majina ya watu alikuwa anayasahau papo hapo. Mimi mwenyewe aliniita mwanangu, kisha akanitajia shamba la baba yangu, mti uliokuwa langoni na rangi ya mlango, kama anasoma anwani. Alikuwa Msabato, Jumamosi baiskeli haikuguswa. Alikwenda kanisani kwa miguu na familia yake yote nyuma, na akirudi alikaa kivulini na kuimba. Mambo ya njia siku hiyo hukumwambia.

Nayasema haya yote ili ijulikane kwamba nilimpenda mzee huyu hata nilipomfungia njia.

Baba yangu kabla hajafariki alituita, mimi na kaka yangu, akasema na mimi nipewe shamba. Kwetu binti kupewa shamba bado ni jambo la watu kusogeza viti karibu wasikie vizuri. Kaka hakubisha mbele ya baba. Alisema tu, "Haya, achukue huko chini." Huko chini ni ukanda mwembamba unaoshuka mpaka kijitoni, na kijia cha zamani kinaukata katikati. Niliuchukua. Nikapanda chai kulia na kushoto, kijia nikakiacha wazi, na kila Jumapili baada ya misa ya kwanza nilikuwa huko na jembe. Hati ina jina langu. Lakini kila aliyekuja shambani, mkaguzi wa chai, watu wa kuhesabu mifugo, hata muuza mbolea, aliingilia kwa lango la juu, la kwa kaka, akauliza mwenye shamba, na kaka akajibu, "Ndiyo mimi." Nilijiambia hati haina haja ya kupiga kelele.

Posta alikuja siku ya kazi, mimi niko mjini nashona. Yeye aliyesalimia boma zima mpaka kuku, alimkuta kaka langoni akamwomba njia ya chini. Kaka akamwambia, "Pitisha tu, Posta. Hapo chini hakuna kitu." Ijumaa akaja na vigingi vya mti, vichwa amevipaka rangi nyeupe, akavipigilia kufuata kile kijia kutoka juu mpaka kijitoni. Alikuwa anaiga vile vibao vya Ufaransa, ili mgeni asipotee.

Mtu yeyote wa kwetu anajua kigingi chenye kichwa cheupe shambani maana yake nini. Ni sorovea, mpima ardhi, amepita. Ni shamba la mtu linakatwa. Posta alikuwa amesikiliza kesi za mipaka zote za nchi hii, na hilo halikumjia akilini, kwa furaha aliyokuwa nayo. Kabla ya jua kuzama jirani yangu akanipigia simu.

"Umeuza?"

"Nimeuza nini?"

"Shamba. Nimeona imepimwa. Kaka yako anasema iko sawa."

Jumamosi asubuhi nilifunga duka. Nilijua Posta yuko kanisani. Niling'oa kigingi kimoja kimoja, nikavifunga fungu moja kwa kamba, nikaenda kuviacha mlangoni kwake kama kuni. Jumatatu nilinunua miche zaidi, na nilichokuwa nimekiacha wazi, kijia chenyewe, nikakipanda chai.

Alikuja dukani siku hiyo hiyo. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mwanangu, kaka yako alikubali."

"Basi pitia kwa kaka yangu, tata."

Nilimwita tata, yaani baba, kama tunavyowaita wazee wote, lakini nilihakikisha anasikia jinsi nilivyolisema. Alivaa kofia akaenda zake.

Misimu ya mvua ikapita, ikarudi, ikapita tena. Tukisalimiana, nilimjibu pini zikiwa mdomoni. Wageni waliendelea kuja, na kila walipofika kwetu ilibidi watokee barabarani mpaka walipite shamba langu. Kwa kuwa Posta hakanyagi lami kwa magurudumu, walizikokota baiskeli. Niliwahi kuwaona nikiwa kwenye pikipiki: watu sita na baiskeli zao za bei, wamejipanga pembeni ya barabara nyuma ya mzee mmoja, malori yanawapigia honi, vumbi limewajaa. Niliona aibu. Hasira ilikuwa kubwa zaidi, kwa hiyo pikipiki ikapita.

Kilichoniuma hakikuwa njia. Upana wa usukani ningempa siku ya kwanza, angeniomba. Kaka kunisahau nilikuwa nimezoea. Lakini mtu ambaye kazi yake yote ya uzeeni ilikuwa kushuka na kumsalimia mwenye boma, alipofika kwangu hakuona mwenye boma.

Mara ya mwisho kumwona juu ya baiskeli ilikuwa wakati wa likizo ya Agosti, shule zimefungwa, dukani hakuna kazi. Nilikuwa shambani nachuma. Kutoka chini nilisikia kengele yake, kisha nikamwona lango la juu pamoja na wageni wawili wa makamo, mume na mke. Baadaye nilikuja kujua ni Wafaransa, rafiki za yule mwanamke wa kwanza. Kaka alikuwa pale langoni. Sauti husafiri vizuri kwenye bonde letu.

"Bwakire, Posta. Karibu, karibu. Leo umeleta wazungu?"

"Bwakire buya. Mwenye shamba ya huko chini yuko?"

"Si ndiyo mimi huyu? Pita."

"Hapana. Wewe ni jirani yake. Mimi nataka mwenyewe."

Kaka alicheka peke yake, kisha akaacha.

"Yuko huko chini, anachuma."

"Basi naomba umwambie nimekuja kumuomba njia. Mimi siwezi kuingia kwake kabla hajasema."

Tangu baba afariki, kaka yangu hakuwa amewahi kuteremka mpaka kwenye mistari yangu. Siku hiyo aliteremka. Alisimama mwisho wa mstari, akawa anatazama majani ya chai kana kwamba yana ugonjwa.

"Posta anakuuliza."

"Ananiuliza nini?"

"Anauliza kama..." Alikohoa. "Kama mwenye shamba anaweza kumpatia njia."

Nilimaliza kuchuma kichaka nilichokuwa nacho, majani mawili na kichipukizi, sikuharakisha. Kisha nikapanda juu, kaka nyuma yangu. Posta alikuwa amezeeka kuliko nilivyokuwa nikimwona kutoka barazani. Alishikilia baiskeli kwa mikono miwili, na nikaona ni baiskeli iliyokuwa inamshikilia yeye.

"Mwanangu," alisema, "kwa kazi yangu, ukipatia mtu barua ambayo si yake, hiyo ni kosa ya kufutwa. Sijawahi kufanya hivyo, hata siku moja. Kwako nilifanya. Na nilipokuja dukani sikuomba msamaha, nilikuja kukuonyesha stakabadhi, kwamba kaka yako alikubali." Alivuta pumzi. "Leo ndiyo naomba."

Nikamuuliza anataka upana gani.

"Ya usukani."

"Na mgeni akiuliza njia hii ni ya nani?"

"Atashuka akusalimie, utamwambia mwenyewe."

"Na nikiwa Nyamira?"

"Tutapiga simu."

"Nisiposhika?"

"Tutarudi tulikotoka." Alisema bila kusita, na wale Wafaransa waliokuwa wametoka mbali hivyo walisimama pale wakitabasamu, hawajui kwamba wamekwisha kurudishwa.

"Subirini," nikasema.

Nilikwenda kuchukua jembe. Miche niliyoipanda kijiani ilikuwa kumi na minne, mizizi imeshika, majani yake mazuri kuliko ya sehemu nyingine yote kwa sababu niliitilia mbolea kwa hasira. Nilipiga jembe mche wa kwanza. Posta aliinama kunisaidia, magoti yakalia, na kaka naye akasogea akanyoosha mkono nimpe jembe. Niliwaambia wote wawili wakae kando. Chai ilikuwa yangu, na miche yote kumi na minne niliing'oa mwenyewe.